Kichwa Hapana

Wote mnaanza na macho. Nimewatazama Jumamosi zote hizi mnapokuja barazani kwangu na karatasi zenu, wengine na hizo tableti zenye kalamu isiyo na wino, na sijaona hata mmoja aliyeanza na mguu. Mnachora jicho, mnalipamba, mnaweka kope mojamoja, halafu mkifika shingoni mmechoka. Mwili mnaufunika kwa kanzu au gauni refu, na mikono mnaificha mifukoni. Msidhani sioni. Mimi nilikuwa hivyohivyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa tayari naitwa fundi.

Jina langu ni Hadija. Nimechora watu kwenye kuta za Kigali kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Nimechora Nyakabanda kwenye maduka ya mafundi cherehani, Gikondo kwenye magereji, hata Masoro nilifika, walipotaka picha za kuwaonyesha vibarua wa maghala jinsi ya kuinua mzigo bila kuvunja mgongo. Sasa nimestaafu kwa sababu ya magoti. Watu hudhani mchoraji wa kuta huumizwa na ngazi, lakini ngazi haijanifanya kitu. Kilichoniumiza ni miguu ya watu. Ukimchora mtu ukubwa wake wa kweli, miguu yake iko chini kabisa karibu na mtaro, na huwezi kuichora vizuri bila kupiga magoti kwenye kokoto.

Mwaka jana nilipiga magoti tena, ingawa daktari alinikataza, kwa ajili ya ukuta mmoja tu. Ni ukuta wa duka la Mzee Shabani, fundi suti wa Nyakabanda. Ulikuwa karibu kufunikwa, na kazi yangu yote niliyojifunza pale ingefunikwa nao. Nitawaambia ilivyokuwa, lakini kwanza lazima mjue nilivyokatazwa kuchora kichwa.

Mimi nilikulia Buyenzi, Bujumbura, na huko nilianza kwa kuchora vichwa vya saluni za kunyoa. Nilikuwa hodari. Ukitaka panki, ukitaka upara unaong'aa, nilikupa. Nilipohamia Kigali na mama nikiwa na miaka ishirini na miwili, nilizunguka mitaani na makopo yangu ya rangi nikijisifu kwa kila mwenye ukuta mtupu. Mzee Shabani alinisikiliza mpaka mwisho. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa pwani aliyeoa huku akabaki, na Mzee mwenyewe alisema Kiswahili cha nyumbani kwao, kilichonyooka, polepole. Aliniagiza mwanamume aliyevaa suti, ukubwa wa kweli, kwenye ukuta wa mbele.

Nilimchorea mwanamume mzuri kuliko wote waliokuwa wakipita mtaani siku hiyo. Alikuwa na masharubu membamba na macho yanayokufuata hata ukivuka barabara. Wanawake walisimama kumtazama. Mzee Shabani akatoka na kikombe chake cha chai, akatazama, akanywa, akatazama tena.

"Binti, mimi nilikuagiza koti. Umeniletea mtu."

"Si koti linavaliwa na mtu, Mzee?"

"Linavaliwa. Lakini kichwa hapana. Sitaki sura ya kiumbe dukani kwangu, kiumbe kina mwenyewe aliyekiumba. Ukiondoa kichwa kinabaki kitambaa, na kitambaa ndiyo kazi yangu. Hapo hakuna wa kuniuliza."

Nilimpaka chokaa yule mwanamume kuanzia kola kwenda juu, na nililia kidogo, siwafichi. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua kumi kutazama. Hapo ndipo nilipopata aibu ya maisha yangu. Kichwa kilikuwa kinanifichia mambo mengi. Bila kichwa ilionekana wazi kwamba mabega yalikuwa mstari mmoja ulionyooka, mikono ilianzia mahali fulani karibu na masikio, na suruali ilikuwa mirija miwili isiyo na magoti. Mzee akaja akasimama pembeni yangu.

"Hili koti langu umemvalisha nani?"

Nikainama kuokota brashi yangu.

"Mimi naona umeuvalisha mlango," akasema, akarudi ndani.

Muuza nyama wa jirani alisikia. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unauita ukuta ule "Mlango wa Hadija", na kuna watu wazima leo wenye wajukuu ambao wakiniona bado wananiuliza kama mlango umefunguka.

Angeweza kunifukuza. Badala yake asubuhi alinipa kitabu chake cha vipimo na kalamu ya risasi, akaniambia nikae karibu na meza ya kukatia. Yeye angepima, mimi ningeandika. Nilikaa pale miezi minne kabla hajaniruhusu kugusa rangi. Nilidhani ni adhabu.

Sikilizeni alivyokuwa anapima, kwa maana hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mteja akiingia, Mzee hakugusa tepu. Alimuuliza habari za nyumbani, habari za mvua, habari za shemeji yake aliye Goma. Alimwacha asimame tu katikati ya duka azungumze. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda. Akaniambia mtu akijua anapimwa anavuta tumbo na kupandisha kifua, na ukimshonea hivyo, suti itamkubali dukani tu, nyumbani itamkataa. Mzungumzishe mpaka ajisahau. Akishajisahau, mwili unarudi mahali pake, ndipo unachukua tepu.

Halafu alianza kutaja, nami naandika. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Lakini baada ya tarakimu aliongeza maneno, na maneno ndiyo niliyoyataka. "Bega la kulia limeshuka kidole kimoja, anabeba magunia." "Kombe la bega la kushoto limetokeza, acha nafasi mgongoni." "Anasimama kwa mguu wa kushoto." Kwa miezi minne sikuandika mtu hata mmoja aliyekuwa sawa pande zote mbili, na sijamwona mpaka leo. Ninyi mnaochora nusu moja ya mtu kisha mnaibonyeza tableti igeuze upande wa pili, mnachora mtu ambaye hajazaliwa.

Mchana, wateja wakipungua, nilichora kwa mkaa nyuma ya karatasi za pateni, zile za kukatia nguo. Nilijifunza kwamba mkono hauanzii begani. Unaanzia kwenye mtulinga, ule mfupa mwembamba chini ya shingo. Wekeni kidole hapo sasa hivi mkiwa mmekaa, halafu inueni mkono juu. Mmeusikia ukitembea? Basi koti nalo hutembea hapo, na mikunjo yote ya kwapa hutokea hapo. Wachoraji wenzangu walionisomea vitabu baadaye waliniambia mwili hupimwa kwa kuhesabu vichwa, kama saba na nusu. Mimi sikuwa na kichwa cha kuhesabia. Nilipima kwa vilivyobaki. Nusu ya mtu si kitovu kama mnavyodhani, ni kinena. Kiwiko hukaa penye kiuno. Unyayo wako ni mrefu sawa na mkono kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na kama huamini, vua kiatu ujaribu, lakini usijaribu kwenye basi kama nilivyofanya mimi.

Jambo kubwa kuliko yote ni uzito. Mtu hasimami kwa miguu yote miwili ila akiwa ameitwa ofisini. Uzito ukikaa mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Mkilijua hilo peke yake, nusu ya watu wenu watafufuka.

Sijasema kwamba sikukosea tena. Nilikosea mpaka nikachekwa mara ya pili. Nilikuwa tayari na sifa kidogo nilipoitwa na muuguzi mmoja mwenye zahanati ndogo huko Gikondo. Alitaka picha kubwa ya kuwafundisha wasaidizi wake kuchoma sindano. Akaniambia, "Nichoree mukono, mukubwa, vizuri." Nilichora siku tatu. Nilichora mistari ya kiganja, kucha, na mishipa ya juu ya vidole, na nilijiona nimefika. Yule mama akaja akaangalia kwa muda mrefu.

"Sasa Hadija, sindano iko inachomwa kwa vidole?"

Yeye alikuwa akiwaza kwa Kinyarwanda, ambacho kina neno lake la mkono mzima, ukuboko, na neno lingine la kiganja. Mimi nilikuwa nawaza Kiswahili cha Buyenzi, na mkono kwetu ni vyote viwili, kazi kwako msikilizaji. Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia. Kisha alivua koti lake jeupe, akanionyesha juu ya mkono wake ile nyama ya begani yenye umbo la pembetatu, ncha ikitazama chini. Nilikuwa nimeichora mara mia bila kujua kwamba ina mwanzo na mwisho. Tangu siku hiyo kabla ya kuchukua kazi humwambia mteja anionyeshe kwenye mwili wake mwenyewe anachotaka, na mara nyingine majibu yamekuwa ya kuchekesha.

Turudi ukutani kwa Mzee. Baada ya ile miezi minne aliniruhusu nifute mlango wangu na kuchora upya, kwa sharti lilelile, kichwa hapana. Nilitafuta katika kitabu mtu mmoja ambaye mwili wake ulinikaa akilini. Alikuwa Karori, mlinzi wa ghala. Alisimama kwa mguu wa kushoto, ncha ya kiatu cha kulia ikitazama nje, tumbo mbele, dole gumba ndani ya mkanda. Nilimchora katika suti ya kijivu, na juu ya kola nikaacha ukuta mtupu.

Kesho yake mke wa Karori alikuwa akipita na kapu la mboga. Akasimama. Akaweka kapu chini.

"Mzee Shabani, hii suti Karori ametoa wapi?"

"Karori gani, mama?"

"Si huyu hapa kwa ukuta. Mimi ananiambia kitenge kingoje, yeye iko anashona suti?"

Ilikuwa kweli. Karori alikuwa ameagiza suti ya siri kwa ajili ya kumposea kijana wao. Mzee alimtuliza yule mama kwa chai na maneno mengi, akaondoka ameahidiwa kwamba kitenge chake kitashonwa kwanza. Kisha Mzee akaja kwangu, na sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Nilikukataza kichwa ili asiwe mtu. Sasa umeniletea mtu bila kichwa."

Nilitaka kuomba radhi lakini mdomo ulikuwa unacheka peke yake. Ndani yangu nilikuwa nimejaa fahari kiasi kwamba sikusikia vizuri nilichokuwa naambiwa. Mwanamke amemjua mumewe kwa bega na kiatu. Mzee akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi hasira ilikuwa imepungua, akasimama mbele ya ukuta mikono nyuma.

"Mharibu kidogo," akasema.

Niliinua bega upana wa kidole kimoja, nikageuza ncha ya kiatu ndani. Ilinichukua muda mfupi tu, na Karori akaondoka. Alibaki mwanamume mwenye suti nzuri ambaye hakuna anayemdai kitenge. Ndipo nilipojua kwamba kati ya mtu yeyote na mtu fulani pana upana wa kidole, na kwamba mimi nilikuwa nimeshika kidole hicho. Niliendelea kuuchora upya ukuta ule kila rangi ilipochakaa, kwa kukopa bega la huyu na nyonga ya yule, na watu wa mtaa wakaufanya mchezo wa kubahatisha ni bega la nani.

Sasa mwaka jana. Mzee Shabani amezeeka, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na duka linaendeshwa na binti yake Zaituni, fundi mzuri sana, mkono wake ni wa baba yake kabisa. Aliniita nije dukani siku ambayo Mzee alikuwa amepelekwa Gikondo kwa mwanawe, kupumzika baada ya kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Akanikunjulia bango la plastiki lililochapishwa mjini. Lilikuwa na wanaume watatu wenye suti, weupe wa meno, vichwa vyote mahali pake.

"Tanti, usikasirike," akasema. "Abakiriya, hawa wateja, wanataka kuona sura. Ukuta umechakaa na wewe umestaafu. Nitaliweka juu yake."

"Na baba yako?"

"Papa haoni vizuri, sha. Hatajua."

Neno hilo lilinichoma. Sikuwa na ugomvi na bango, mashine imechapisha vizuri na hao wanaume wana mabega mazuri, ingawa si ya mtu yeyote wa huku. Lakini mzee aliyeshika neno lake miaka yote awekewe vichwa vitatu mlangoni kwa sababu haoni, hilo sikulikubali, na sikukubali ukuta wangu ufe kimyakimya pia. Nilimwomba siku sita nichore upya, hadi Mzee arudi. Zaituni akafikiri.

"Ukichora, akirudi akikubali, inabaki. Akikataa, Jumapili naweka bango."

Nikamchora Mzee mwenyewe.

Mzee Shabani hakuwa katika kitabu. Hakuna aliyewahi kumpima, nguo zake alijishonea mwenyewe kwa kukisia, na picha hakupiga isipokuwa ya kitambulisho. Sikuhitaji. Nilianza na miguu, nimepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, na kila asubuhi Zaituni alinishika mkono kuniinua. Mguu wa kulia niliutanguliza mbele, kwa sababu hata akiwa amesimama barabarani ulikuwa bado unatafuta pedali ya cherehani. Bega la kulia nililishusha vidole viwili, ni la pasi ya mkaa, ile nzito ya zamani aliyokataa kuiacha hata umeme ulipokuja. Vidole viwili vya mkono wa kushoto niliviachanisha, maana vilikaa hivyo daima, kama bado vimeshika ukingo wa kitambaa. Nikamvika koti lake la kahawia lenye mfuko uliopauka kwa chaki. Tepu nikaining'iniza kwenye kola, na juu ya kola nikaacha chokaa.

Siku ya tano asubuhi muuza mikate alipita na baiskeli yake. "Asalaam aleikum, Mzee," akasema, akaendelea. Alifika mbele kidogo akasimama, akageuka kuangalia amemsalimu nani. Mimi niliendelea kusafisha brashi, na siku hiyo sikusikia maumivu ya goti hata kidogo.

Jumamosi Mzee akashushwa kwenye gari, amevaa miwani nyeusi, akiona kwa jicho moja na hilo bado lina ukungu. Watu wa mtaa walikuwa wamejipanga kando ya barabara. Akasogea ukutani mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Nani huyu?"

Zaituni alinitazama, na bango lilikuwa limekunjwa nyuma ya mlango. Mzee akavua tepu shingoni mwake.

"Leteni kitabu. Hadija, andika."

Akaanza kupima ukuta. Alipima zaidi kwa vidole kuliko kwa macho, akitaja tarakimu moja baada ya nyingine, kifua, mkono, urefu wa koti, nami naandika kama zamani. Alipofika mabegani akapima, akapima tena, kisha akashika bega lake mwenyewe la kulia kwa mkono wa kushoto.

"Nani amekwambia bega langu limeshuka?"

"Hakuna, Mzee. Nimeliona."

"Mimi sijawahi kupimwa."

"Mimi nimekupima miaka yote. Ulikuwa unazungumza na wateja, ukajisahau."

Akapeleka kiganja juu ya kola, akapapasa pale palipo na chokaa tupu, kushoto na kulia, kwa muda mrefu.

"Kichwa hapana," akasema.

"Hapana, Mzee."

"Basi andika jina."

Nikaandika Shabani juu ya vile vipimo. Bango Zaituni alilitumia kufunikia mkaa uani, sura zikitazama chini. Nendeni mkauone ukuta. Asubuhi Mzee huwekewa kiti pale mlangoni, akaota jua karibu na picha yake, na hata mkiwaangalia kwa mbali, kutoka ng'ambo ya barabara, mtawatambua wote wawili.